Waridi na kijani: kisa cha kibofu cha ami yangu

Kijiti cha kupimia mkojo kina vibandiko vya rangi, kila kimoja na kazi yake. Cha damu huanza njano kikageuka kijani. Cha nitriti huanza cheupe kikageuka waridi. Ndani ya miezi 11 ami yangu alipimwa mkojo mara nne, katika vituo vitatu, na mara zote nne vibandiko hivyo viwili viligeuka. Mara zote nne aliambiwa ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa antibaiotiki, akarudi nyumbani.

Mimi nafanya kazi ya maabara Unguja. Ami mwenyewe ameniruhusu nikiandike kisa hiki, ila jina lake na la kijiji chake nimeyaacha, na vituo alivyopita sivitaji. Ninachotaka kieleweke ni kwamba waridi ile ilikuwa ikisema kweli, na kijani ile ilikuwa ikisema kweli nyengine, na hapakuwa na mtu aliyezisikiliza zote mbili kwa pamoja.

Ami ana miaka 59. Ni mtu wa kaskazini ya Pemba, mkulima wa mpunga, na msimu ukifika huchuma karafuu. Anavuta sigara tangu ujana wake. Habari za ugonjwa hakunipa yeye. Nilikwenda Pemba kwa ajili ya arusi, na tukiwa uani tunakuna nazi, mkewe, ambaye nami humwita mama, akaniinamia.

"Ami yako anakojoa damu," akasema kwa sauti ya chini. "Usimwambie kuwa nimekwambia."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kabla ya Ramadhani ya mwaka jana. Anapewa vidonge, inakata, inarudi. Anakuonea haya, wewe mtoto wa kike."

Mwaka jana! Na mimi nilikuwa nimekwenda kuwaamkia Idi zote mbili, nikala nao, nikaondoka. Jioni nikamfuata barazani.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Za Unguja?"

Tuliongea ya arusi, ya bei ya karafuu, ya mvua. Kisha nikamwambia kuwa kazi yangu kila siku ni mikojo ya watu, naiona ya kila rangi, na hakuna hata mmoja unaonitia haya. Akanyamaza kidogo. "Damu hii mimi naijua," akasema. "Tulipokuwa wadogo tukikojoa hivi hivi, sote tuliokuwa tukioga bondeni. Wakubwa wakituambia ndiyo mnakua, mnabaleghe. Sasa mimi nimeshakua zamani. Imerudi kwa nini?"

Kwa sentensi ile kisa kilikuwa kimeshafunguka. Nilimuuliza kama katika vituo vyote alivyopita kuna aliyemuuliza utotoni akioga wapi. Hakuna. Waliuliza kama anaumwa kiuno, kama ana homa, kama ana sukari. Yote ni maswali ya maana. La bondeni halikuulizwa.

Bondeni pana kichocho, ugonjwa wa minyoo, na cha visiwani kwetu ni cha mkojo. Konokono wake, anayeitwa kitaalamu Bulinus globosus, hukaa kwenye maji matamu yaliyotulia: vijito, madimbwi, mabonde ya mpunga. Vimelea hutoka kwenye konokono, hupenya ngozi ya mtu aliye majini, na mwisho wa safari yao ni mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Minyoo huishi humo mume na mke pamoja, kwa miaka. Jike hutaga makumi mpaka mamia ya mayai kwa siku, na kila yai lina mwiba nchani. Mengine hupenya ukuta wa kibofu yakatoka na mkojo, na hiyo ndiyo damu ya utotoni. Mengi hukwama ukutani, hufa humo, na mwili huyazungushia makovu na chokaa.

Ami alizaliwa katikati ya miaka ya 1960. Alipokuwa akioga bondeni, prazikwanteli, dawa ya kichocho, ilikuwa bado haijafika mikononi mwa watu. Ilianza kutumika katika miaka ya 1980. Kampeni ya Pemba ya miaka hiyo iliwafuata wanafunzi maskulini, ikatazama mikojo yenye damu kwa macho na kwa vijiti kama hivi vyangu, na iliyafanyia wema mkubwa makundi ya watoto waliokuja baadaye. Lakini ami alikuwa keshatoka skuli. Watu wazima waliingizwa kwa wingi kuanzia mwaka 2012, katika mpango wa kutokomeza kichocho, vidonge vikapelekwa mpaka majumbani mara mbili kwa mwaka. Ami anakumbuka kupimwa urefu na kumeza. Anakumbuka pia kuwa mara nyengine aliviweka kabatini kwa sababu vinalewesha. Hilo nimelisikia kwa wengi, wala simlaumu. Hata kama angemeza vyote, prazikwanteli huua minyoo; haiwezi kuyang'oa mayai yaliyokwama ukutani tangu enzi ya utoto wake.

Niliporudi Unguja nikaja naye kwenye boti. Mkojo niliuchukua mchana, baina ya saa nne na saa nane, wakati ambao mayai hutoka zaidi. Nikapitisha mililita 10 kwenye kichujio, nikatazama kwa darubini. Hakuna yai. Nikarudia siku tatu mfululizo. Hakuna yai hata moja.

Hapa ndipo mtu angeandika "kichocho hakuna" akafunga faili. Darubini ilinieleza kwamba hakuna minyoo inayotaga leo, basi. Mayai ya miaka 50 nyuma, yaliyogeuka chokaa, hayatoki na mkojo, na kwa njia hii hayaonekani. Altrasaundi ndiyo iliyoyafichua. Ukuta wa kibofu ulikuwa mnene, upande mmoja una mstari mweupe wa chokaa, na juu ya mstari huo pameota kitu. Baada ya kukojoa, mkojo mwingi ulikuwa ukibaki ndani hata anapodhani amemaliza. Kamera ya kibofu ilifuata, kikakatwa kinyama kikapelekwa kupimwa. Jibu lilikuwa saratani ya seli bapa, imeshaingia kwenye msuli, na pembeni yake, ndani ya makovu, mayai makavu ya kichocho, mwiba wa nchani unaonekana. Nao mkojo uliooteshwa maabara ulitoa bakteria, E. koli, wengi sana, na siprofloksasini, antibaiotiki aliyopewa mara mbili, ilikuwa haiwafanyi kitu tena.

Kwa hiyo wale waliosema UTI hawakukosea jina. Bakteria walikuwemo kweli. Kosa lilikuwa kuwaona bakteria kama ndio kisa kizima.

Sisi wa maabara tulifundishwa kuwa mkojo ukiwa ndani ya kibofu cha mtu mwenye afya hauna kiumbe hai. Somo hilo limeshabadilika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, watafiti walipoanza kusoma vinasaba vilivyomo kwenye mkojo badala ya kusubiri vijidudu viote kwenye sahani, walikuta bakteria hata kwa watu wasio na ugonjwa wowote. Ni wachache, wametulia, hawamdhuru mtu. Kibofu kina wakaazi wake kama utumbo ulivyo na wake. Linalobadilisha mambo ni nyumba. Ukuta uliojaa makovu na chokaa haukazi vizuri, mkojo unabaki, na mkojo uliolala ni karamu kwa E. koli, Klebsiela na Proteusi. Wapo hata bakteria wa Salmonela wanaojishikiza kwenye mwili wa mnyoo wa kichocho wenyewe, dawa ya homa ya matumbo ikawapitia mbali, na mgonjwa akaumwa tena na tena mpaka mnyoo auliwe kwanza. Mnyoo na bakteria hawa tumezoea kuwaandikia kadi mbili tofauti, na wao wanaishi chumba kimoja.

Sasa turudi kwenye kile kibandiko cha waridi. Katika mboga za majani, mchicha kwa mfano, na katika maji ya kunywa, mna chumvi iitwayo nitreti. Mwili huichuja na kuitoa kwa mkojo, na kwa mtu mzima wa afya hupita ikaenda zake. Bakteria wa aina niliowataja huikamata nitreti hiyo wakaigeuza nitriti. Kijiti kinanasa hiyo nitriti, ndiyo maana tukiona waridi tunajua bakteria wapo. Lakini nitriti ikikaa kwenye mkojo uliolala hukutana na kemikali nyengine za mwilini ziitwazo amini, zikazaa nitrosamini. Nitrosamini huharibu vinasaba. Wachunguzi waliopima mikojo ya wagonjwa wa kichocho nchini Misri katika miaka ya 1970 walizikuta humo.

Ufikirie ukuta ule sasa. Mayai yameujeruhi, na askari wa mwili waliokuja kupigana nayo wanamwaga kemikali kali ambazo nazo huchoma vinasaba. Jeraha linataka kupona, kwa hivyo seli zinajigawa haraka haraka, na kila zinapojigawa zinanakili makosa yaliyokwisha kufanyika. Ili kujikinga, ukuta unaacha seli zake za asili na kuota seli bapa, zinazofanana na za ngozi. Na mkojo wenye nitrosamini unaulalia ukuta huo usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Saratani nyingi za kibofu Ulaya na Marekani huanzia kwenye seli za asili za utando wa kibofu; kwenye nchi za kichocho, hii ya seli bapa ndiyo iliyozoeleka kuonekana kwa wingi. Jibu la ami lilisoma kama historia ya bonde lenyewe.

Kuna ushahidi mwengine ambao hunigusa kila nikiufikiria, nao hauhusiani na kichocho kabisa. Zamani, mgonjwa akitolewa kibofu, madaktari wakiiunganisha mirija ya mkojo kutoka kwenye figo moja kwa moja na utumbo mpana. Mgonjwa akapona, akaishi. Baada ya miaka mingi, mara nyengine zaidi ya 20, baadhi yao wakaota saratani pale pale kwenye kiungio, mahali mkojo unapokutana na bakteria wa utumbo. Nitrosamini ni miongoni mwa wanaoshukiwa zaidi. Mnyoo hayupo, yai halipo, na bado mkojo na bakteria vikiwekwa pamoja kwa muda mrefu kwenye jeraha, yanatokea yale yale.

Mwaka 1994 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka mnyoo wa kichocho cha mkojo katika kundi la kwanza, la visababishi vya saratani visivyo na shaka. Katika kazi hiyo hiyo na mwaka huo huo, ulimweka humo na bakteria wa tumboni Helikobakta pailori. Basi jambo hili si geni. Ila linafika polepole kwenye dawati la anayepima mkojo kijijini.

Lazima niseme na la sigara, maana nisipolisema nitakuwa sikutenda haki. Kuvuta sigara ndiko kunakoongoza duniani katika kuleta saratani ya kibofu, na ami amevuta miaka 40. Kisa kimoja hakiwezi kugawanya lawama kwa mizani, hiki cha bonde, hiki cha bakteria, hiki cha moshi. Ninachokitegemea ni aina ya seli na mayai yaliyokutwa yamekaa ubavuni mwake. Moshi nao umeongeza kuni. Ameacha kuvuta tangu siku ya kamera.

Na dada zangu mnaosoma hapa, mnaoambiwa UTI kila baada ya miezi michache, msilale na hofu. Bakteria wanaoingia, wakatibiwa wakaondoka, hawajengi haya niliyoyaeleza. Hapa tunazungumza ukuta uliojeruhiwa tangu utotoni na maambukizi yasiyokwisha. Linalotakiwa kutisha ni damu: damu inayorudi baada ya dawa, khasa inayotoka mwishoni mwa mkojo, kwa mtu aliyekulia kwenye maji ya konokono. Huyo apigwe picha ya kibofu, hata kama nitriti inaonyesha UTI, na hata kama darubini haikuona yai.

Nikizipanga zile ziara nne za ami, linaloniuma ni kwamba kila dozi ilifanya kazi yake. Bakteria wakipungua, maumivu yakipungua, damu ikififia. Ami akirudi shamba akimshukuru Mungu. Nafuu ile ndiyo iliyokuwa ikituibia wakati. Mara ya tatu, mfamasia wa duka la dawa alimshauri apigwe altrasaundi, na nampa sifa yake, lakini ulikuwa msimu wa karafuu, na karafuu haingoji. Akaahidi kwenda baada ya kuanika. Baada ya kuanika damu ilikuwa imekata.

Matibabu yalikuwa ni kutolewa kibofu, Dar es Salaam. Kipande cha utumbo mwembamba hukatwa, kikaunganishwa na mirija ya figo, na upande wa pili kikatokezwa tumboni, mkojo ukaingia kwenye mfuko wa nje. Ami alisikiliza yote bila kubadilika uso. Kisha akauliza swali moja tu: "Na sala?"

Daktari hakuwa na jibu, na mimi pia nilitafuta maneno nikayakosa. Mkojo ni najisi, na mfuko hautoki. Kwa siku nne alikataa kutia saini. Si kifo alichokiogopa. Ami ni mtu wa safu ya mbele, na alijiona anatolewa msikitini. Binamu yangu akampeleka kwa sheikh wa msikiti wao wa zamani Unguja, mzee aliyewahi kumsomesha. Sheikh akamweleza kuwa mtu asiyeweza kuuzuia mkojo wake ni mwenye udhuru, na sheria inamjua: hujisafisha, husubiri wakati wa sala uingie, akatia udhu kwa kila faradhi, akasali, na sala yake ni sala. "Mwili ni amana, na kuutibu ni katika kuilinda," akamwambia. Ami akarudi akasaini jioni ile ile. Ningependa kila wodi inayokata vibofu ukanda huu iwe na namba ya simu ya mtu kama sheikh yule. Siku nne kwa ami hazikuharibu kitu. Kwa mwengine zinaweza kuwa miezi minne.

Kabla ya upasuaji, mwanawe mdogo alikuwa amesoma kwenye simu kwamba saratani ya kibofu inatibiwa kwa chanjo ya kifua kikuu, akaja kwangu na matumaini makubwa. Alichosoma ni kweli, na ni katika mambo ya ajabu kabisa ya elimu hii. Mwaka 1976 daktari wa Kanada, Alvaro Morales, alichapisha habari za wagonjwa aliowatia BCG ndani ya kibofu kwa mpira. BCG, ndiyo chanjo hiyo, ni bakteria hai waliodhoofishwa, wale wale waliotuachia alama begani sote. Wakiingia kibofuni huamsha askari wa mwili, na askari hao huzishambulia seli za saratani. Mpaka leo hutiwa mara moja kwa wiki, wiki sita, kwa saratani iliyo juu juu kwenye utando. Lakini saratani ya ami ilikuwa ya seli bapa, nayo ilikuwa imeshaingia msulini. Kwake BCG isingefaa. Kijana alinyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo bakteria mmoja anaijenga na mwengine anaibomoa?" Nikamwambia ndiyo. Inategemea ni bakteria gani, yuko wapi, na amekuta ukuta wa hali gani.

Upasuaji ulikwenda salama, tezi zilizochukuliwa pembeni hazikuwa na saratani. Sasa ni mwezi wa nane tangu siku ile. Amerudi kijijini, hapalilii tena bondeni, mpunga amewaachia wanawe na viatu vya mpira virefu ambavyo amewanunulia yeye mwenyewe. Mifuko ya mkojo ndiyo taabu. Pemba haipatikani kirahisi, humtumia kwa boti, na ikichelewa huiosha akairudia, jambo ambalo silipendi.

Mwezi uliopita nilikwenda na chupa nzima ya vijiti. Watoto waliooga bondeni pamoja na ami miaka ile ni watu wazima sasa, wengine wana wajukuu, na wanawake kati yao waliendelea kuingia kwenye maji hayo kwa kufua na kupanda mpunga miaka mingi baada ya wanaume kuacha kuoga. Nilikaa na mke wa ami barazani kuanzia saa nne. Walikuja 17. Nilimuuliza kila mmoja swali lile la bondeni kabla ya kuchovya kijiti, na wengi walicheka kwa kukumbuka, wakatajiana majina ya waliokuwa hodari wa kupiga mbizi.

Shangazi yangu, dada yake ami, alikuwa wa mwisho. Ana miaka 63. Alisema hana tatizo lolote, ila UTI tu ya mara kwa mara, na vidonge vyake anavyo kwenye mkoba. Alinionyesha. Nikachovya kijiti, nikahesabu. Cha nitriti kilipata waridi. Cha damu kilianza na madoa, kisha kikawa kijani chote.

"Ndiyo hiyo hiyo UTI yangu, au?" akaniuliza.

"Shangazi," nikamwambia, "Jumatatu tunapanda boti."